Taya Lililosikia

Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani, akiwamo Yanagisawa Masashi ambaye alikuwa bado mwanafunzi, walitangaza kwamba wamepata protini ndogo mno, mnyororo wa asidi-amino 21 tu, inayotolewa na seli zinazotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu. Protini hiyo huibana mishipa kwa nguvu ya kushangaza. Wakaiita endothelini, na wataalamu wa shinikizo la damu wakachangamka, maana kitu kinachobana mishipa kiasi hicho lazima kiwe na lake katika maradhi wanayopambana nayo kila siku.

Miaka sita baadaye, mjini Tokyo, Kurihara Yukiko, Kurihara Hiroki na wenzao wakazalisha panya walioondolewa jeni ya endothelini ya kwanza. Mtu angetegemea kwamba kibanaji kikiondoka, shinikizo litashuka. Panya waliobakiwa na nakala moja ya jeni badala ya mbili wakaonyesha shinikizo lililopanda kidogo. Wale wasio na nakala hata moja hawakuishi. Walizaliwa, wakashindwa kuvuta pumzi, wakafa. Njia yao ya hewa ilikuwa imezibika, na taya la chini lilikuwa fupi, limepotoka. Waliokuwa wakiwinda shinikizo la damu walijikuta wameshika taya.

Ilichukua takriban miaka kumi kuelewa walichokishika. Mwaka 2004 makundi mawili, moja la Japani na jingine la Marekani, yaliwachunguza upya panya wa aina hii, mfupa kwa mfupa. Taya lile halikuwa limeharibika ovyo. Lilikuwa limegeuka taya la juu: mifupa iliyopaswa kukaa chini ya macho ilikuwa imejipanga kidevuni, imepinduliwa. Kundi jingine, la San Francisco, lilikuwa limeliona jambo hilo mwaka 2002 kwa njia nyingine. Walipoondoa jeni mbili ambazo endothelini huziwasha, Dlx5 na Dlx6, panya waliota sharubu hata kwenye taya la chini. Kisha mwaka 2008 watu wa maabara ya Kurihara wakafanya kinyume chake. Waliifanya endothelini itoke hata upande wa taya la juu, ambako kwa kawaida haifiki. Taya la juu likageuka la chini. Akapatikana panya mwenye mataya mawili ya chini, yametazamana.

Katika yote niliyoyasoma juu ya mwili, machache yamenikaa kichwani kama hili. Tumezoea kudhani kwamba vitu viwili vikitofautiana, basi vimetokana na mali mbili tofauti. Nayo mataya hutofautiana kweli: la juu limeshikamana na fuvu wala halitikisiki, la chini linaning'inia, linapanda na kushuka, ndilo linalotafuna na kuombea maji. Kumbe seli zilizojenga hili zingeweza kujenga lile. Kilichozitenga ni habari iliyofika huku isifike kule, ndani ya siku chache. Taya la chini ni taya lililosikia.

Seli zenyewe si wenyeji wa usoni. Kiinitete cha binadamu kikiwa na wiki nne kina urefu wa milimita 4 hivi na bado hakina uso wa kutambulika. Kandokando ya mahali pa shingo hutokeza matuta, nayo huitwa matao ya koo, na tao la kwanza ndilo litakalotoa sehemu kubwa ya mataya yote mawili. Seli zinazolijaza hutoka mgongoni mwa kiinitete, kwenye kingo za bamba linalojikunja na kujifunga kuwa mrija wa ubongo. Mrija unapofungika, seli za ukingo huo wa neva hujichomoa, hushuka pande zote mbili za kichwa, na kwenda kukaa mbele. Huko hugeuka gegedu, mfupa, sehemu ya ndani ya jino. Uso wa mtu, kwa sehemu kubwa, umejengwa na wahamiaji.

Wilhelm His wa Uswisi aliziona seli za ukingo katika kiinitete cha kuku mwaka 1868. Aliyethubutu kusema kwamba ndizo zinazojenga gegedu za taya ni Julia Platt, Mmarekani, mwaka 1893, baada ya kuchunguza viinitete vya salamanda. Kanuni ya zama zake ilikuwa kwamba gegedu na mifupa hutoka tabaka la kati la kiinitete na kwamba tabaka la nje hutoa ngozi na neva, basi. Wakubwa wa fani walimpinga. Alipata shahada ya uzamivu Freiburg mwaka 1898, akakosa kazi ya chuo kikuu, akahamia Pacific Grove, mji mdogo wa pwani ya California, ambako mwaka 1931, akiwa amepita miaka 70, alichaguliwa kuwa meya na kupigania hifadhi ya viumbe wa bahari. Alifariki mwaka 1935. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin, Mfaransa, alitambua kwamba kiini cha seli ya kware hutofautiana na cha seli ya kuku ukikitazama kwa darubini, na kwa hiyo seli za kware zikipandikizwa ndani ya kiinitete cha kuku zinaweza kufuatwa popote ziendako. Kazi iliyoendelea kutokana na ugunduzi huo iliondoa shaka: seli za ukingo zilionekana usoni, zimekuwa gegedu na mfupa. Platt alikuwa amesema kweli miaka mingi kabla. Neno lilikuwa limetamkwa. Wa kulipokea hawakuwapo.

Nalitaja hilo kwa kuwa ndivyo mambo yalivyo pia ndani ya tao lenyewe. Ishara ni protini inayotolewa na seli moja na kunaswa na kipokezi kwenye seli nyingine. Bila kipokezi, inapita tu. Endothelini hutoka kwenye ngozi nyembamba ya tao na kwenye tabaka la ndani yake. Kipokezi chake kimo katika seli za ukingo wa neva kichwani kote, juu na chini. Seli za juu ziko tayari kusikia lakini haziambiwi. Ndiyo maana ilitosha, mwaka ule wa 2008, kuipeleka ishara upande wa juu: masikio yalikuwa yamesubiri muda wote.

Tena msamiati wa ishara hizi ni mdogo ajabu, na hakuna hata moja iliyo mali ya taya. FGF8, ambayo bila hiyo tao la kwanza haliwezi kuumbika, iligunduliwa Japani mwaka 1992 katika seli za uvimbe wa saratani ya titi la panya. Jamii ya BMP ilianza kusakwa mwaka 1965, Marshall Urist wa Los Angeles alipoweka vipande vya mfupa ulioondolewa madini ndani ya msuli wa mnyama na kukuta mfupa mpya umeota humo. Sonic hedgehog, inayosimamia upana wa uso na umbali kati ya macho, ni ndugu wa jeni ya nzi ambayo Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliielezea mwaka 1980. Ishara hizo hizo huchora vidole, hupanga ubongo, hugawa uti wa mgongo. FGF8 haina picha ya taya ndani yake. Ikisikika kwenye chipukizi la mkono, huwa mkono.

Lakini ikikosekana taya hukosekana. Mwaka 1999 watafiti walipoiondoa FGF8 kwenye ngozi ya tao la kwanza la panya, sehemu kubwa ya taya haikutokea kabisa. Seli zilizokuwa zimemaliza safari yao na kufika zilikufa kwa wingi. Kumbe hata kuishi ni jambo la kuambiwa.

Meno yanaonyesha vizuri zaidi namna ishara chache zinavyotosha. Panya ana jino moja la kukatia mbele na magego matatu nyuma, kila upande. Kabla jino lolote halijaanza, ngozi ya tao imekwisha gawana kazi: sehemu ya mbele hutoa BMP4, sehemu ya nyuma hutoa FGF8. Seli zilizo chini ya BMP4 huwasha jeni za jino la mbele. Zilizo chini ya FGF8 huwasha jeni za gego. BMP4, mbali na kuwasha zake, huzima jeni ya gego katika eneo lake. Mwaka 1998, London, Abigail Tucker, Karen Matthews na Paul Sharpe walichukua shanga ndogo zilizoloweshwa protini iitwayo nogini, ambayo hukamata BMP4 isifike popote, wakazipachika katika tao la kiinitete cha panya, mbele, mahali pa jino la kukatia. Jeni ya gego ikawaka hapo mbele, na jino lililotarajiwa kuwa la kukatia likakua kuwa gego. Hakuna jeni iliyobadilishwa. Ishara moja ilinyamazishwa kwa muda, mahali padogo kama ncha ya sindano.

Muda nao una sheria zake. Katika tao la panya, siku ya kumi ya mimba ni mpaka. Kabla yake seli bado zinasubiri maelekezo; ukiiondoa ishara, nazo hubadili mwelekeo. Muda mfupi baada ya hapo zimekwisha amua, na ishara ile ile ikitolewa au ikizuiwa hazigeuki tena. Jambo hilo lingeweza kunifanya niuone ukuaji wa kiumbe kama msururu wa amri: mmoja anasema, mwingine anatii, mlango unafungwa. Kware na bata ndio walionizuia nisifike huko.

Kwanza tukumbuke desturi yetu. Mtoto akizaliwa, ndugu wa pande zote mbili humgawana uso. Macho ni ya shangazi, paji ni la babu mzaa mama, na kidevu hicho, asibishe mtu, ni cha kwetu. Tunasema hivyo kana kwamba kidevu kimetolewa kwenye sanduku la ukoo kikiwa kizima. Swali zuri ni hili: ukoo hurithisha nini hasa, iwapo ishara ni zile zile kwa binadamu, panya na kuku?

Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms, wakiwa San Francisco, walilijibu kwa ndege. Kware huanguliwa baada ya siku 17 hivi, bata baada ya siku 28. Mdomo wa kware ni mfupi na umechongoka. Wa bata ni mrefu na mpana. Walitoa seli za ukingo wa neva kutoka kiinitete cha bata na kuzipanda katika kiinitete cha kware, kisha wakafanya kinyume chake. Kware aliyepewa seli za bata aliota mdomo wa bata. Bata aliyepewa seli za kware aliota mdomo wa kware. Ngozi iliyotoa ishara ilikuwa ya mwenyeji, damu iliyolisha ilikuwa ya mwenyeji, lakini umbo lilikuwa la wageni.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa saa. Seli zilizopandikizwa hazikuacha mwendo wa kwao. Zile za kware, zenye haraka, ziliendelea na haraka ndani ya bata mpole, na zikaifanya ngozi ya bata iwashe jeni zake mapema kuliko kawaida yake. Zile za bata ziliichelewesha ngozi ya kware. Kwa maneno mengine, aliyepaswa kusikia alikuwa akimwelekeza msemaji aseme lini. Ngozi huziambia seli zigeuke nini, seli huiambia ngozi iseme wakati gani, na mdomo hutokea katika mapatano hayo. Basi kile ambacho ukoo hurithisha ni zaidi namna ya kusikia: vipokezi vingi au vichache, jeni inayowaka mapema au inayokawia, seli zinazogawanyika mara moja zaidi kabla ya kutulia. Kidevu cha kwetu ni mazoea ya kwetu ya kuitikia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Ziwa Nyasa. Kwenye miamba ya ufukwe, upande wa Tanzania kama ulivyo upande wa Malawi na Msumbiji, wanaishi samaki wadogo wenye rangi kali waitwao mbuna. Spishi za jamii yao ziwani humo ni mamia, na zimetokana na mababu wachache kwa muda ambao kwa historia ya dunia ni mfupi. Wamegawana chakula kwa kugawana mataya. Labeotropheus fuelleborni ana taya fupi na nene, la kung'ata na kukwangua mwani ulioshika jiwe. Metriaclima zebra ana taya refu na jembamba zaidi, lenye wepesi wa kufunguka na kuvuta chakula kwa maji. Craig Albertson na wenzake walipowazalisha samaki hawa pamoja na kufuatilia wajukuu wao, waliona kwamba tofauti ya nguvu ya taya imefungamana na eneo la jeni ya BMP4, na mwaka 2005 walieleza kwamba taya la mng'ataji, likiwa bado linaumbwa, hutoa BMP4 nyingi kuliko la mwenzake. Mwaka mmoja kabla yake, Arkhat Abzhanov, Clifford Tabin na wenzao walikuwa wameonyesha jambo kama hilo kwa ndege wa visiwa vya Galápagos: mdomo mnene wa kuvunja mbegu ngumu huendana na BMP4 inayotoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi.

Kwa hiyo neno likiwa moja, kipimo chake tu kikitofautiana, samaki mmoja anakula mwambani na mwingine anakula majini hatua chache kutoka hapo, na hawagombani. Sioni dharau yoyote kwa wingi wa viumbe katika kusema umetokana na uchache huu wa maneno. Naona kinyume chake. Kama kila taya lingehitaji ishara yake mpya, ziwa lingesubiri mno. Kwa kuwa lilitosha kusema zaidi kidogo au mapema kidogo, likajaa.

Ulegevu huo huo ulioruhusu mbuna kuwa wengi ndio unaoruhusu mambo kwenda upande katika uso wa mtoto. Pande mbili za taya la chini huungana katikati mnamo wiki ya tano. Mdomo wa juu hukamilika kuungana karibu na wiki ya saba. Kaakaa hufunga baadaye, kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Wanawake wengi hugundua kuwa ni wajawazito wakati sehemu ya mazungumzo haya imekwisha malizika. Duniani, mtoto mmoja hivi katika kila 700 huzaliwa na mwanya katika mdomo, katika kaakaa, au katika vyote viwili.

Wakati mwingine chanzo kiko mbali na mahali pa jeraha. Mwaka 1923 daktari Mfaransa Pierre Robin alieleza habari za watoto wachanga wenye taya dogo la chini wanaopaliwa kwa ulimi wao wenyewe. Wengi wao wana kaakaa iliyo wazi. Katika wengi wao mambo huanzia kwenye taya: taya likichelewa kurefuka, ulimi hukosa nafasi ya kushuka, hubaki juu kati ya mabamba mawili ya kaakaa, nayo yanashindwa kukutana. Kaakaa haikuwa na kasoro yake. Ilizuiwa na jirani. Pia kuna familia chache ambamo endothelini, ishara ile ya Tsukuba, au njia inayoipokea, ina hitilafu ya jeni. Watoto wao huzaliwa na taya la chini lililoelekea kufanana na la juu, na masikio yenye umbo la alama ya kuuliza. Panya wa Tokyo walikuwa wakizungumza habari za watu.

Kwetu, mtoto mwenye mdomo sungura mara nyingi huanza maisha katikati ya kesi. Mama huulizwa alikula nini, alimcheka nani, alikosana na nani, na kwa nini upande wa mume haijawahi kutokea. Sayansi haiondoi kila swali la namna hiyo. Uvutaji wa sigara huongeza hatari, baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari, na urithi una sehemu yake. Ni haki kumwambia mwanamke mambo hayo kabla hajashika mimba, na ni kazi ya daktari kumbadilishia dawa mapema. Lakini kwa watoto wengi hakuna kisa kimoja cha kuonyeshea kidole. Kuna ishara iliyopungua kidogo, kipokezi kilichokawia kidogo, tao lililokua pole kwa siku mbili, na mambo yote hayo yakaangukia wiki moja.

Wanaotafuta mkosaji wanadhani uso hutengenezwa na mtu mmoja kwa amri moja, kwa hiyo ukikosewa lazima yupo aliyekosea. Kiinitete hakifanyi kazi hivyo. Hakuna seli inayojua taya litakuwaje, na hakuna ishara iliyobeba mchoro wake. Kuna wengi wanaoambizana, na mapatano yao kwa kawaida hufaulu, jambo ambalo kwangu ndilo linalostahili kuulizwa sababu kuliko yale machache yanayoshindikana. Mama hakuwamo katika mazungumzo hayo, na baba hakuwamo. Kesi ya namna hiyo haina mshitakiwa, na kila siku inayopita ikisikilizwa inamcheleweshea mtoto mambo yanayowezekana kabisa: kufundishwa kunyonya kwa namna isiyompalia, kufungwa mdomo kwa upasuaji angali na miezi michache, na kaakaa kufungwa kabla hajaanza kuunda maneno yake ya kwanza.